Namna ya Kumsikiliza Leontyne Price kwa Sikio la Mwanakwaya

Waimbaji wengi wa sauti ya kwanza katika kwaya za Nairobi huionja opera, yaani tamthilia inayoimbwa, kwa rekodi yoyote inayowajia kwenye simu, kisha huichoka kabla hawajaielewa. Ni afadhali kumchagua mwimbaji mmoja na kumfuata, nami ningependekeza Leontyne Price, mwimbaji wa opera wa sauti ya kwanza, Mmarekani Mweusi, kwa kuwa alikulia katika uimbaji wa kanisani kama wengi wetu.

Yafahamu kwanza maisha yake. Alizaliwa mwaka 1927 mjini Laurel, jimbo la Mississippi, Marekani, baba akifanya kazi katika kiwanda cha mbao na mama akiwa mkunga na mwanakwaya, na baadaye alijifunza uimbaji katika chuo cha Juilliard, New York, chini ya Florence Page Kimball. Alipoimba opera iitwayo Tosca kwenye televisheni ya NBC ya Marekani mwaka 1955, baadhi ya vituo vya kusini mwa nchi hiyo vilikataa kuirusha kwa sababu ya rangi yake. Asiyelijua hilo hataupima sawasawa usiku wa tarehe 27 Januari 1961, alipoimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, jumba kuu la opera la New York, katika Il trovatore, opera ya mtunzi Mwitalia Verdi, na ukumbi ukampigia makofi kwa takriban dakika 40.

Sasa itafute Aida, opera nyingine ya Verdi, aliyoirekodi na kondakta Georg Solti. Mhusika Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kufanywa mtumwa Misri. Ethiopia hiyo, tuseme kweli, ni ya kubuniwa kuliko ya jirani zetu. Nenda moja kwa moja kwenye tendo la tatu, pale anapoililia nchi yake kando ya Nile katika wimbo uitwao "O patria mia". Usikilize mara moja bila kujali maneno, kisha usome tafsiri na kuurudia. Mara ya tatu, weka kiganja ubavuni na uvute pumzi pale anapovuta yeye, kwa kuwa ni katika pumzi ndipo utakapouona ufundi wake. Karibu na mwisho, sauti inapanda hadi C ya juu, noti ambayo Verdi aliagiza iimbwe kwa utamu, na ambayo waimbaji wengi huifikia kwa kupaza. Price anaifikia bila kuikaba, na kwa kawaida pumzi yako itakuwa imekwisha kabla ya yake.

Usifanye zoezi hili ndani ya matatu, maana muziki wa gari utaimeza noti hiyo nzima. Pakua rekodi mapema na uisikilize usiku kwa vipokea sauti vya masikioni.

Kisha ilinganishe na video ya tarehe 3 Januari 1985, alipoliaga jukwaa la opera kwa Aida hiyo hiyo, akikaribia miaka 58. Sauti ya chini imekuwa nzito zaidi, lakini ile ya juu bado inang'aa. Usiikatize video wimbo unapokwisha: makofi yanaendelea kwa dakika kadhaa, naye anabaki amesimama kama Aida, hisia zikimjaa usoni.

Ukitamani kuuimba wimbo huu, subiri. Mtafute kwanza mwalimu wa sauti, kwa mfano katika Kenya Conservatoire of Music iliyo kwenye Barabara ya Harry Thuku, na uanze na nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, ambazo Price mwenyewe aliziimba mara kwa mara katika matamasha yake.