Picha nyeusi na nyeupe kwenye deki ya DVD? Angalia waya wa njano

Ukiunganisha deki kwenye TV, sauti ikatoka vizuri lakini picha ikaja bila rangi, usikimbilie kusema deki imekufa. Mara nyingi kosa liko kwenye tundu moja tu.

Waya wa njano ndio unaobeba picha yote. Mweupe ni sauti ya kushoto, mwekundu ni ya kulia. Sasa, nyuma ya TV nyingi kuna safu nyingine ya matundu: kijani, bluu na jekundu. Hayo yanapokea picha iliyogawanywa katika nyaya tatu, na lile la kijani hubeba mwanga wa picha peke yake, rangi hupita kwenye yale mengine mawili. Ukichomeka njano kwenye kijani, unapata picha isiyo na rangi. Tena hapo kuna majekundu mawili, moja la picha na moja la sauti, kwa hiyo soma maandishi, usiamini rangi tu.

TV nyingine zina tundu moja la kijani lenye duara la njano pembeni. Hilo linapokea waya wa njano au wa kijani, ila ukichomeka wa njano lazima uchague AV (njia ya waya wa njano) kwa rimoti.

Upande wa deki chomeka palipoandikwa OUT, upande wa TV ni IN. Zima vyote kwanza, kisha sukuma kichwa cha waya mpaka kikae imara. Kikilegea, picha hukatikakatika na sauti huvuma.