Kuigiza mbele ya kamera ukiwa Mtwara

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi hawaishi kuniuliza: dada, nitaingiaje kwenye tamthilia bila kuhamia Dar? Anza na simu yako. Jirekodi kipande kifupi cha kumtumia mtayarishaji, ukiwa ndani, si ufukweni Mikindani. Upepo wa pale ni mtamu, ila unameza sauti yote. Kaa ukielekea dirishani, mwanga ukupige usoni. Simu ilaze kwa upana, iwe usawa wa macho. Mwenzako akusomee maneno ya upande wa pili akiwa kando ya simu, nawe mtazame yeye, si kamera.

Jukwaani unapaza sauti na kurusha mikono hadi aliyekaa nyuma aone. Kwenye kamera punguza. Ukipokea habari ya msiba, shika tu ncha ya kanga, meza mate, ndipo useme. Mimi huigiza mama mkwe, na hasira yangu yote naimalizia kwenye kupepeta mchele.

Halafu matukio hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Unaweza kumzika mume asubuhi, mchana ukaolewa naye. Kwa hiyo jipige picha kabla hujavua chochote: kilemba kilikaaje, kikombe kilikuwa mkono gani, ili mkiendelea na tukio hilo baadaye vilingane.

Lafudhi ya Kimakonde usiionee haya, ila jifunze na nyingine. Wa kutaka darasa, TaSUBa, chuo cha sanaa, ipo Bagamoyo. Malipo? Maandishi kwanza, hata kama mtayarishaji ni mjomba wako. Hasa akiwa mjomba.