Kupanga safari ya chemchemi kwa snokeli na mbizi

Maji ya chemchemi hudanganya kwa usafi wake. Ukitazama kutoka ukingoni, kina cha mita nne huonekana kama mita tatu, kwa sababu maji hupinda mwanga. Ukishazama, miwani ya mbizi nayo hukuza kila kitu kwa takriban theluthi moja na kukisogeza karibu. Ndiyo maana mipango huanza na yale ambayo jicho halikuonyeshi: hali ya mto wa jirani, baridi, tope la chini na paa la mwamba.

Kuchagua siku

Wengi huangalia kama mvua itanyesha mahali wanapokwenda, basi. Cha kuangalia ni mto. Chemchemi nyingi humwaga maji yake mtoni, na mto ukifurika hadi kupita usawa wa chemchemi, mtiririko hugeuka: maji ya mto yenye rangi ya chai huingia bwawani, pengine hata kumezwa na jicho lenyewe, yaani tundu ambamo maji ya chemchemi hutokea. Mvua iliyoleta mafuriko hayo inaweza kuwa ilinyesha mbali sana, siku kadhaa nyuma, huku jua likiwaka pale pale unapotaka kuogelea.

Siku moja kabla ya kuondoka, wapigie simu wasimamizi. Usiulize "maji yakoje?" kwa kuwa jibu ni "mazuri" siku zote. Uliza jana watu waliona umbali wa mita ngapi, mto umepanda au umeshuka, jicho liko wazi kwa wapiga mbizi au limefungwa, na ni cheti gani kinachotakiwa. Ukipewa jibu la mita tatu, ahirisha.

Saa nzuri ni asubuhi ya siku ya kazi. Jua la adhuhuri huleta miale inayopendeza kwenye picha, lakini kufikia hapo waogeleaji watakuwa wameshakanyaga tope na kulitibua. Kati ya miale na maji maangavu, bora maji.

Joto na mavazi

Maji ya chini ya ardhi hayafuati misimu. Joto lake hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa eneo hilo, na hubadilika kidogo sana. Chemchemi za kaskazini mwa Florida huwa na nyuzi 22 hivi, kiangazi na majira ya baridi. Ufa wa Silfra, Iceland, una nyuzi 2 hadi 4. Nyuzi 22 zinasikika kama joto la kupendeza, ila maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa snokeli (kuogelea juu ya maji ukipumulia mrija) ya nusu saa, suti ya mpira yenye unene wa milimita 3 inatosha watu wengi. Kwa mbizi ya dakika 45, vaa milimita 5 pamoja na kofia. Kwenye maji kama ya Silfra, suti kavu, isiyoingiza maji, si anasa. Ukianza kutetemeka, au vidole vikishindwa kufungua bizimu ya mkanda, toka. Usingoje kumaliza mzunguko.

Chemchemi za moto ni habari nyingine. Amiba aitwaye Naegleria fowleri hustawi katika maji yasiyo na chumvi yanapopata joto, na huvumilia hadi nyuzi 46. Huingia kupitia puani. Maambukizi ni nadra, lakini karibu kila mara huua. Kwenye maji ya moto usizamishe kichwa, hivyo snokeli ibaki mkobani. Na katika nchi zenye kichocho, hatari iko zaidi pale maji yanapopoa mwendo kati ya majani na konokono. Uliza kabla ya kuingia.

Risasi za mkanda

Hapa ndipo waliozoea bahari hukosea. Maji ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo hukubeba zaidi. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90 anahitaji kupunguza kilo 2 hivi za risasi (vipande vizito vya mkandani vinavyomsaidia kuzama) akienda chemchemi. Asipopunguza, miguu hushuka, mapezi ya miguuni hulima tope, na mwonekano hupotea kwake na kwa wote walio nyuma yake.

Pima ukiwa eneo la kina kifupi. Toa hewa yote katika jaketi la kuelea, shika pumzi ya kawaida, utulie wima: maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame polepole. Kipimo hiki kinafaa shinikizo la hewa mtungini likiwa karibu baa 50. Ukipima mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa utakayoitumia ina uzito wake.

Ndani ya maji

Anza kwa kupanda mkondo kuelekea jicho, urudi ukisukumwa na maji. Ukianza kinyume chake utapigana na mkondo wakati umeshachoka. Piga miguu kama chura, magoti yakiwa yamekunjwa na mapezi juu ya kiwiliwili. Teke la juu-chini hutibua tope. Majani ya chini yasikanyagwe, huchukua muda mrefu kuota tena.

Anayezama kwa pumzi asawazishe shinikizo la masikioni kila mita moja, kabla hayajauma. Asivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Kinachotuhimiza kupumua ni kaboni dioksidi. Ukiifukuza, oksijeni huisha bila onyo na unazimia, mara nyingi ukiwa karibu kufika juu. Mmoja azame, mwenzake abaki juu akimtazama.

Kuhusu pango: mwisho wako ni pale unapoweza kupanda moja kwa moja hadi hewani. Cheti cha maji ya wazi, hata cha mwalimu, si cheti cha pango. Tope hufunga mwonekano ndani ya sekunde chache, na mapovu yako nayo huangusha vumbi kutoka darini. Waliofunzwa huingia na kamba isiyokatika hadi nje, taa tatu kila mmoja, na kanuni ya theluthi: katika baa 200, karibu 65 za kwenda, 65 za kurudi, zilizobaki ni za dharura. Baadhi ya chemchemi huwakataza wasio na cheti cha pango kubeba taa, na ni sheria ya busara: asiye na taa hashawishiki kuingia gizani.

Baada ya kutoka

Usipande ndege kabla ya muda wa saa 12 kupita baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kusimama wakati wa kupanda juu, au muda wa saa 18 ukipiga mbizi kadhaa. Barabara ya kupanda mlima inahesabika pia kama kupanda ndege, kwa hiyo angalia njia ya kurudi kabla ya kupanga mbizi ya mwisho. Suuza vifaa, toa kila kipande cha jani kwenye mapezi na jaketi, mwaga maji yaliyobaki, kisha vikauke kabisa kabla ya kuvipeleka chemchemi nyingine. Kipande kidogo cha gugumaji kinatosha kuota huko.