Kupima mruko na kukagua kutua kwa mchezaji kwa simu yako tu

Habari zenu makocha na walimu wa michezo, hasa wenzangu wa huku Mtwara na Lindi ambao maabara hatuna. Mi nafundisha netiboli wasichana wa sekondari, na kinachoniuma sana ni kuona binti karuka vizuri, kadaka, katua, alafu anashika goti na msimu wake umeishia hapo. Netiboli ukishadaka huruhusiwi kutembea na mpira, lazima ufunge breki hapohapo, na breki hiyo inabebwa na goti. Ile ligamenti ya katikati ya goti, ACL, mara nyingi inakatika bila mtu kuguswa na yeyote, na wasichana wanaumia zaidi kuliko wavulana kwenye michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Kutua kunapita haraka mno jicho halikamati, kwa hiyo tunarekodi.

Hatua ya 1, simu. Weka slo mosheni, fremu (picha moja moja zinazounda video) 240 kwa sekunde kama simu yako inayo, 120 pia inafaa. Usiamini tu kilichoandikwa, rekodi saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu nyingine alafu hesabu sekunde moja imetoa fremu ngapi, maana kuna simu zinasema 240 na hazifiki.

Hatua ya 2, sehemu. Najua wengi tunafanyia mazoezi ufukweni maji yakikupwa, ila kwa kupima hapana, mchanga unameza mguu na hutajua kiatu kimeachia saa ngapi. Tafuta saruji au udongo mgumu, na urekodi saa kumi jioni jua bado lipo, ukisubiri magharibi slo mosheni inatoa picha nyeusi. Jua liwe nyuma ya simu.

Hatua ya 3, urefu wa mruko. Simu iweke chini kabisa karibu na ardhi, iegemeze kwenye tofali, isishikwe na mkono. Mchezaji aruke juu mikono kiunoni na aguse chini miguu ikiwa imenyooka alafu ndo akunje, akikunja magoti hewani anaongeza muda wa uongo. Hamishia video kwenye kompyuta, fungua na Kinovea (programu ya bure ya kuchambua video) au hata VLC, ambayo ukibonyeza E inasogea fremu moja moja. Hesabu kuanzia fremu ya kwanza viatu vyote viko hewani mpaka fremu ya kwanza kimoja kinagusa chini. Gawanya kwa fremu ambazo simu yako inatoa kwa sekunde (hapa 240) upate sekunde, zidisha sekunde hizo kwa zenyewe, alafu zidisha kwa 1.226, hapo una mita. Mfano fremu 120 ni sekunde 0.5, yani sentimita kama 31. Kwa 240 ukikosea fremu moja unapotea nusu sentimita tu, ila kwa video ya kawaida ya fremu 30 kosa hilohilo linakupoteza sentimita 4, na hizo ndo unaweza kumsifia mtu kwamba kaongezeka kumbe hajaongezeka.

Hatua ya 4 ndo yenyewe, magoti. Tafuta boksi au benchi la sentimita kama 30, mchezaji ashuke kwa miguu yote miwili na akigusa tu chini aruke tena juu. Simu iwe mbele yake kabisa, usawa wa goti, mita 4 hivi. Bandika vipande vya plasta nyeupe katikati ya kila goti na mbele ya kila kifundo. Nasisitiza mbele KABISA kwasababu mwaka wa kwanza nilirekodi kwa pembeni kidogo, nikaona goti la binti mmoja linaingia ndani, nikamhangaisha wiki tatu na mazoezi ya kurekebisha, kuja kurekodi vizuri goti lake halina shida yoyote, ilikuwa pembe ya kamera. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Simamisha video pale goti limekunjwa zaidi. Plasta ya goti iwe juu ya kifundo au nje kidogo, magoti yakikaribiana kuliko vifundo huyo anza naye. Alafu rekodi tena ubavuni uone anakunja kiasi gani, anayetua wima kama mti mwili unasimama kwa muda mfupi mno na nguvu yote inaishia gotini. Rekodi miruko mitatu kwa kila mtu, mmoja unadanganya.

Maneno yanayonisaidia ni mawili: "tua kimya" na "goti lifuate vidole". Mwanzoni wanatua puuu, baada ya siku chache unasikia tofauti hata ukiwa umegeuka. Ongeza kuchuchumaa na kutua kwa mguu mmoja mara tatu kwa wiki, baada ya wiki sita rekodi tena, simu palepale, umbali uleule, viatu vilevile.

Na kabla ya yote hayo waombe ruhusa wazazi, ni watoto wao unawarekodi, na video zibaki kwako zisirushwe kwenye magrupu.