Ua la mikunjo kwa kona ya albamu

Ua hili hupendeza pembeni mwa picha, iwe ya harusi mtaani Mwanga au ya meli ya MV Liemba ikiwa bandarini Kigoma, Ziwa Tanganyika. Kata utepe wa manila (karatasi ngumu ya rangi) wenye urefu wa sm 29 na upana wa sm 3. Karatasi moja ya A4 inatoa tepe saba.

Weka alama kila sm 1, ukingo wa juu na wa chini. Pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, ndipo ukunje: mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukiruka hatua ya kalamu, mikunjo huanza kwenda upande na rangi ya manila hupasuka. Sentimita ya mwisho ni ya gundi. Ibandike juu ya ile ya kwanza upate pete.

Wengi hukwama hapa. Simamisha pete, kusanya ukingo wa juu kuelekea katikati huku ukibonyeza mpaka ilale. Ukiachia tu, inafumuka! Kwa hiyo andaa mapema duara lililochorwa kwa kifuniko cha soda, lenye gundi nzito, ulishindilie katikati na kuweka kitabu juu kwa robo saa. Gundi nyepesi hailiwezi.

Ukitaka ua kubwa, ongeza urefu pia. Utepe wa sm 29 wenye upana wa sm 5 hautalala, maana ukingo wa nje hautoshi kuzunguka.

Masika, huku ziwani, mikunjo hulegea kwa unyevu; tunza maua kwenye kopo lenye mfuniko. Kwenye kurasa zinazotazamana yapishanishe, la sivyo albamu haifungi.