Kabla Kompyuta ya Ofisi Haijagoma

Mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya ofisini, humrudishia swali: hii uliyo nayo ikizima sasa hivi na isiwake tena, kesho asubuhi utafanya kazi na nini? Wengi hunyamaza. Basi bado hatujafika kwenye kununua.

Tuanze na kumbukumbu: hesabu, orodha ya wateja, ankara. Mafundi wana kanuni ya 3-2-1, yaani nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya jengo. Ofisi nyingi huwa na diski moja ya nje iliyochomekwa mwaka mzima. Hiyo ni nusu nakala tu, maana kirusi cha kudai fidia kikiingia hufunga mafaili ya kompyuta pamoja na ya diski iliyochomekwa. Chomeka, nakili, chomoa, ondoka nayo. Folda inayojilinganisha yenyewe na hifadhi ya mtandaoni nayo isikudanganye: ukifuta faili huku, na kule linafutika, japo huduma nyingi huliweka kwenye pipa la taka kwa siku kadhaa.

Halafu jaribu kurudisha. Hapa ndipo watu hukwama. Chagua faili la mwezi uliopita, lifungue kutoka kwenye nakala ukiwa kwenye mashine nyingine, na uangalie saa uone inachukua muda gani. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa mimi siihesabu.

Jambo la pili halihusu mitambo kabisa. Jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa nani? Mara nyingi fundi alilisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, si kwa wizi, ila siku ile kila mtu alikuwa na haraka. Akihama, taarifa za kulipia upya zinamfuata yeye. Muda ukiisha, tovuti inatoweka, na barua pepe zinazotumia jina hilo nazo zinakatika. Dai umiliki uwe wa biashara mkiwa bado mnaelewana. Vivyo hivyo akaunti kuu ya barua pepe na ya programu ya hesabu: watu wawili wawe na uwezo wa kuingia, na namba ya uthibitisho isiende kwenye simu ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi.

Masasisho ya usalama yasiahirishwe. WannaCry, kirusi cha kudai fidia, iliposambaa Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu kiliyopitia, tangu Machi. Kama bado mnatumia Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, na hilo ndilo linalowafanya watu walale. Kabla ya kuhamia Windows 11, hakikisha kompyuta ina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai, kwa sababu nyingi za zamani hukataliwa.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, si ya kuendelea na kazi gizani. Betri yake huchoka kimyakimya, kwa hiyo ijaribu siku ambayo hakuna kazi ya haraka.

Mwisho, andika namba ya fundi, ya kampuni ya intaneti, namba za leseni na mahali nakala zilipo. Andika kwenye karatasi. Niliwahi kuona maelekezo mazuri sana ya dharura. Yalikuwa ndani ya kompyuta iliyokufa.