Kiraka cha puti kinaonekana ukutani hata baada ya rangi? Fanya hivi

Juzi nimeitwa Uyole, mama mwenye nyumba ananionyesha sebule anasema fundi hii koti ya tatu ya rangi sasa, mbona ukuta una ramani? Nikamwambia mama, hata zikifika kumi ramani itabaki, maana rangi ni nyembamba inafuata umbo la kilicho chini, kama pembeni ya puti (ule mchanganyiko wa kuzibia na kusawazisha ukuta) kuna kangazi, yaani kaukingo kalikoinuka, basi kanabaki palepale.

Anza na tochi ya simu. Funga pazia, ibane simu ubavuni mwa ukuta mwanga upite juu juu, kila kivuli zungushia penseli (sio maka peni, hiyo inachomoza hadi juu ya rangi). Halafu fumba macho upitishe kiganja.

Pili, rangi iliyoanza kubanduka pembeni ya kiraka itoe kwa skrepa (kile kibapa cha kukwangulia na kupakia puti) mpaka inapogoma.

Tatu, msasa namba 120, uzungushie kipande cha mbao, ukitumia vidole vitupu unachimba mabonde. Piga kingo zote na utoke nje ya kiraka, hasa kama rangi ni silki (ile inayong'aa), puti haishiki kwenye mng'ao. Vaa barakoa. Nyumba ya zamani sana yenye rangi ya mafuta usipige msasa mkavu, rangi zile zinaweza kuwa na madini ya risasi, tumia msasa wa maji. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Nne ndo kazi yenyewe. Achana na skrepa ya inchi 3, hiyo ndo iliyoleta mistari, chukua ya inchi 10. Paka puti upya, koti ya kwanza ivuke ukingo kama sentimita 15 kila upande, ya pili 30, nyembamba kabisa, upande wa nje wa skrepa ugandamize na wa ndani uulegeze kidogo ili puti iishe yenyewe bila ngazi. Kiraka kinakuwa kikubwa ndio, na ndo tunachotaka.

Sasa kukauka. Mbeya hii mwezi wa sita na wa saba usidanganywe na masaa ya kwenye mfuko, acha mpaka kesho, ukigusa kwa mgongo wa mkono kiraka kikawa cha baridi kuliko ukuta wa pembeni bado hakijakauka. Na jamani msifungie jiko la mkaa chumbani eti likaushe, ule moshi usioonekana unaua.

Kikikauka, msasa 220, tochi tena. Usiruke praima (ile rangi ya msingi inayotangulia), puti inanyonya kuliko rangi ya zamani, ukiruka linatoka doa lililofifia unadhani ukingo umerudi kumbe ukuta umenyooka.

Rangi paka ukuta mzima kona hadi kona, koti mbili, kwa rola. Mama wa Uyole alitaka nipake kiraka tu tuokoe rangi, nikakataa, na kopo la lita 4 bado lilibaki nusu.